Sidiria ya 38 kwa Kifua cha 34: Gharama za Nguo za Ndani Lushoto

Gulio la Lushoto mjini hukusanya watu Alhamisi na Jumapili, na sidiria utazikuta kwenye meza za bidhaa mpya, zimepangwa moja ndani ya nyingine kama mabakuli. Nyuma ya kila moja kuna lebo ndogo: 36/80, 38/85, 40/90. Mara nyingine kuna herufi B pembeni. Mara nyingi herufi haipo kabisa. Mteja akiuliza kama itamtosha, muuzaji humtazama kifuani kwa sekunde moja na kusema, "Mama, chukua hii thelathini na nane." Mteja hulipa, huiweka chini ya mchicha kwenye kikapu, na kuijaribu akishafika nyumbani, wakati hakuna tena wa kurudishiwa.

Wanawake wengi wa milima hii ya Lushoto wamezoea kuvaa nguo za ndani zinazowaumiza, na maumivu yakianza wanaulaumu mwili. Utasikia mtu anasema mabega yake ni mabaya, au amezaa sana, au amenenepa vibaya. Mwili wake hauna kosa. Kosa liko kwenye mkato wa nguo na kwenye aina chache za saizi zinazopandishwa kutoka Mombo, mji ulio chini ya milima. Kosa hilo lina bei inayoweza kuhesabiwa.

Tuanze na namba, kwa sababu muuzaji hatakueleza. Katika lebo ya 36/80, namba zote mbili zinahusu kitu kimoja, yaani mzunguko wa mbavu chini ya matiti. Ya kwanza inafuata mpangilio wa inchi, ya pili ni sentimita. Namba 34 huandikwa pamoja na 75, 36 na 80, 38 na 85, 40 na 90. Herufi inaeleza titi lenyewe. Unapima chini ya matiti, unapima tena juu ya chuchu, unatoa. Kwa bidhaa nyingi zinazotoka China, tofauti ya sentimita 10 hivi ni A, 12.5 ni B, 15 ni C, 17.5 ni D, na 20 ni E. Kinachohitajika ni futi ya fundi na chumba chenye mlango unaofungwa.

Sasa mchukue mwanamke ambaye mbavuni ana sentimita 75 na kifuani 93. Huyu ni mwanamke wa kawaida kabisa hapa: kiuno na mbavu nyembamba, na matiti makubwa kwa sababu ndivyo alivyozaliwa au kwa sababu amenyonyesha. Tofauti yake ni 18, kwa hiyo yeye ni 34/75 D. Akija gulioni hapati D. Anapata B, au sidiria isiyo na herufi ambayo imekatwa kama B. Anajaribu kwa macho 34, anaona vikombe ni vidogo, anapanda 36, anapanda 38, na hapo vikombe vinaonekana kumtosha. Macho hayakumdanganya. Vikombe vya 85B vina ujazo uleule wa vikombe vya 75D, kwa sababu kikombe hukua kila mkanda unapokua hata kama herufi haijabadilika. Lakini amenunua na mkanda uliotengenezwa kwa mbavu zenye sentimita 10 zaidi ya zake.

Sentimita hizo kumi ndizo zinazoleta taabu yote. Kwenye sidiria, mkanda wa mbavuni ndio unaobeba mzigo. Mikanda ya begani kazi yake ni kushika vikombe visilale mbele. Titi halina msuli ndani yake. Linashikiliwa na ngozi na nyuzi nyembamba, na likining'inia bila kushikwa kutoka chini, uzito wake hutafuta pa kuegemea. Mkanda wa mbavuni ukilegea, nyuma unapanda hadi karibu na mabega, mbele vikombe vinashuka, na uzito wote unahamia begani. Mwanamke anafupisha mikanda ya bega ili kuinua kifua. Hapo ndipo inapoanza kukata. Ukitazama mabega ya mama wengi wenye kifua kikubwa utaona mfereji uliochimbika, mwingine mweusi kabisa, wa miaka mingi. Mpe mama huyo ndoo ya maji kichwani, au tenga la karoti la kupeleka barabarani Lukozi, kisha mwambie ashuke kwenye njia ya utelezi. Kila hatua kamba mbili nyembamba zinabana palepale.

Mbona basi sokoni zimejaa B? Kwanza, ni urahisi wa mtengenezaji na wa mfanyabiashara. Mikanda minne mara herufi tano ni aina ishirini za sidiria moja, na kila rangi inaongeza ishirini nyingine. Mwenye meza mwenye mtaji wa laki chache hawezi kuzibeba zote, kwa hiyo ananunua dazeni zilizochanganywa namba na zenye kikombe kimoja. Pili, kuna historia ya namna saizi za nguo za kiwandani zilivyopatikana. Herufi za vikombe zilianza kutumika Marekani miaka ya 1930. Mwaka 1939 na 1940 Idara ya Kilimo ya nchi hiyo iliwapima wanawake karibu 15,000 ili kupata jedwali la saizi kwa ajili ya viwanda. Kazi hiyo iliongozwa na Ruth O'Brien na William Shelton, na ripoti yao ilitoka mwaka 1941. Vipimo vya wanawake wasio Wazungu waliojitokeza viliachwa nje ya hesabu ya mwisho. Mwaka 1958 jedwali lililotokana na kazi hiyo likawa kiwango cha biashara, na mwaka 1983 kiwango hicho kikaondolewa. Desturi yake haikuondoka. Kiwanda humchukua mwanamke mmoja wa kati, hukata nguo ya mwili wake, kisha huongeza na kupunguza pande zote kwa kiasi kilekile. Mwanamke mwenye mbavu nyembamba na kifua kizito hayumo kwenye mpango huo, wala mwenye kiuno kidogo na nyonga pana. Nitamrudia huyu wa pili kwenye chupi.

Kuna bidhaa nyingine ambayo haiwekwi juu ya meza, nayo lazima izungumzwe bila kuficha. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku kuingiza na kuuza nguo za ndani zilizotumika: chupi, sidiria, soksi, magagulo, nguo za kulalia. Nchi nyingine za Afrika nazo zimechukua hatua kama hizo; Zimbabwe ilipiga marufuku yake mwishoni mwa mwaka 2011. Sababu ni ya afya: fangasi wa ngozi, upele na maambukizi mengine yanayoweza kubaki kwenye nguo iliyogusa sehemu za siri. Mara kwa mara maofisa hupita masokoni, hukamata na kuteketeza. Baada ya wiki chache sidiria za mtumba zinarudi, chini ya rundo la masweta, kwa anayejua kuulizia.

Zinarudi kwa sababu mwanamke wa 75D hupata 75D humo. Sidiria ya mtumba iliyotoka Ulaya au Uingereza ina lebo yenye herufi, ina mkanda mpana wenye safu tatu za kulabu, ina mikanda ya bega isiyokata, na baada ya kuvaliwa na mtu mwingine kwa mwaka mzima bado lastiki yake inavuta kuliko ile mpya ya mezani. Wanawake hawavunji katazo kwa kupenda uchafu. Wanafuata nguo inayowatosha. Siwashauri wasomaji kununua kitu kilichokatazwa, na kwa upande wa chupi ninaliunga mkono katazo kwa moyo wote: nguo hiyo inagusa sehemu yenye unyevunyevu, na mpya ipo kwa bei nafuu. Ila kwenye sidiria katazo peke yake ni nusu ya kazi. Ukiiondoa sokoni sidiria pekee iliyomtosha mama na kumwachia isiyo na herufi, hujalinda mgongo wake. Ningependa siku moja kuona ukaguzi unaoiuliza sidiria mpya maswali yaleyale: je, lebo yake inaonyesha kikombe? Je, namba iliyoandikwa inalingana na futi?

Wakati tunasubiri hilo, njia halali iliyo nafuu kuliko zote iko kwa fundi cherehani. Wengi hawaijui. Ukinunua 38/85 B mpya kwa sababu vikombe vyake vinakutosha, usiivae hivyohivyo. Mpelekee fundi apunguze mkanda. Anafumua kipande chenye kulabu upande mmoja na kipande chenye vitundu upande wa pili, anakata sentimita 4 kila upande, kisha anavishona tena mwishoni. Sentimita 8 zimeondoka; mbili zilizobaki utazimaliza kwa kufunga kwenye safu ya ndani zaidi. Sasa una vikombe vya D kwenye mkanda unaokaribia 75. Zaidi ya hapo, mikanda ya bega upande wa nyuma inasogea karibu na uti wa mgongo, na kwa mwenye mabega ya mteremko hiyo ni faida, kwa maana haitateleza tena. Lazima uangalie jambo moja kabla ya kununua: pale mkanda wa bega unaposhonewa nyuma pawe mbali na kulabu, angalau upana wa vidole vitatu, la sivyo fundi hatakuwa na pa kukata. Sidiria yenye waya nayo haikubali vizuri. Mbavu zikibanwa zaidi, waya hufunuka na kuchoma chini ya kwapa.

Wenye shida iliyo kinyume, yaani mkanda unabana lakini vikombe vinatosha, kazi yao ni nyepesi zaidi. Maduka ya vifaa vya ushonaji huuza vipande vya kulabu vya kuongezea. Unavifunga nyuma, mkanda unarefuka, bila sindano.

Tufanye hesabu sasa. Bei hubadilika kwa msimu, na wakati wa mavuno ya viazi zinapanda, kwa hiyo nachukua bei za mfano. Weka za kwako. Tuseme sidiria ya mezani ni shilingi 5,000 na inalegea baada ya miezi minne. Kwa mwaka ni 15,000. Tuseme nzuri ya dukani Tanga au Kariakoo, yenye herufi yako, ni 20,000 na inadumu mwaka. Kwa fedha taslimu, ya mezani imeshinda kwa 5,000, bila hata kuhesabu nauli ya kwenda Tanga na kurudi. Ndiyo maana simlaumu anayeichagua. Chukua sasa ya mezani iliyopunguzwa na fundi kwa 2,000. Ni 7,000 moja, na kwa kuwa mkanda unafanya kazi yake, lastiki ya mabegani haivutwi kupita kiasi, hivyo hailegei mapema. Ikifika miezi sita tu, umetumia 14,000 kwa mwaka na mabega yako yamepona. Hiyo ndiyo ninayoiona bora kwa mwanamke wa kipato cha kawaida. Mwenye uwezo wa 20,000 anunue ile yenye herufi yake, na akiweza, mbili apokezane nazo, kwani lastiki inayopumzika siku moja hudumu kuliko inayovaliwa mfululizo.

Unapoijaribu mpya ambayo huna nia ya kuipeleka kwa fundi, funga kulabu kwenye safu ya nje kabisa. Ikikaa vizuri hapo, una safu mbili za kukaza lastiki itakapolegea. Inayokaa vizuri kwenye safu ya ndani tangu siku ya kwanza ni kubwa. Inua mikono yote miwili juu, kama unapandisha ndoo kichwani. Mkanda ukipanda nao, iache.

Kuhusu sponji, milimani nasema hapana, na sababu ni hali ya hewa. Kuanzia Juni hadi Agosti Lushoto ni baridi na ukungu, na wakati wa masika nguo hukaa kwenye kamba bila kukauka. Sponji hunywa maji na kuyashika. Sidiria ya aina hiyo ikifuliwa Magamba au Mtae mwezi Julai inaweza kukaa siku mbili bado ina unyevu ndani, na mwenye moja tu ataivaa hivyohivyo. Ya kitambaa cha kawaida, yenye pamba upande wa ndani na mshono unaopita katikati ya kikombe, haivutii macho mezani, lakini hushika titi vizuri zaidi na hukauka mapema. Mama anayenyonyesha achague yenye kufunguka mbele au juu ya kikombe, isiyo na waya, kwa sababu waya unaobana titi lililojaa huweza kuzuia maziwa kutoka na kuleta uvimbe wenye maumivu.

Kwenye chupi, bei ni ndogo na watu hawaitilii maanani, ilhali ndiko wanawake wengi wanakopoteza fedha kidogo kidogo bila kuona.

Chupi ya mezani huuzwa kwa M, L, XL, na siku hizi nyingi zimeandikwa saizi moja kwa watu wote. Hakuna saizi moja ya watu wote. Yule mwanamke wa nyonga pana na kiuno chembamba akinunua inayotosha nyonga, kiunoni inapwaya na kushuka anapoinama kupalilia. Akinunua ya kiuno, nyuma inajikusanya katikati na lastiki ya miguu inamkata kwenye kinena. Aliyejifungua kwa upasuaji ana shida yake: chupi fupi za mbele huweka lastiki juu ya kovu, na kovu linalokwaruzwa kutwa nzima huwasha. Chupi nyingine zina kipande cha katikati, kile kinachopita kati ya miguu, chembamba kama ukanda wa saa. Kipande hicho ndicho cha kukitazama kwanza. Kiwe kipana kadiri ya vidole vinne vilivyoungana, kiwe na tabaka mbili, na tabaka la ndani liwe pamba, kwa sababu nailoni hufungia jasho na unyevu, na fangasi hupenda hali hiyo.

Neno "pamba" kwenye lebo lisikutulize. Nunua moja kwanza, usinunue dazeni. Nyumbani chomoa uzi wa kitambaa chenyewe, si ule wa mshono wa cherehani, uushike kwa kibano na uuwashe. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na huacha majivu mepesi ya kijivu. Nailoni na poliesta hunywea, huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Ukiona kishanga, lebo imekudanganya. Kwa anayeogopa moto, tone la maji linatosha kumpa dalili: kwenye pamba mara nyingi linazama haraka, kwenye poliesta hukaa juu kwanza.

Pamba ina gharama yake milimani, nayo ni kuchelewa kukauka. Hapa kuna suala la aibu ambalo tunalijua sote. Chupi haianikwi hadharani. Inaanikwa nyuma ya mlango, chini ya kitanda, juu ya waya wa jikoni penye moshi, ndani ya chumba ambacho jua halifiki. Kwenye baridi ya Julai inabaki na ubaridi wa unyevu hata baada ya usiku mzima, na mwenye chupi mbili huvaa hivyo. Wahudumu wa afya wakimwambia avae kavu na safi, hana pa kuanzia. Njia nzuri na ya heshima ni kuianika nje kwenye kamba ya pili, kisha kuifunika kwa kanga moja nyepesi. Upepo unapita, joto la jua linafika, na mpita njia haoni kitu. Siku za ukungu, pasi ya mkaa humaliza kazi. Pamba inavumilia pasi. Piga katikati, epuka lastiki. Nailoni chini ya pasi ya mkaa itayeyuka na kuharibu pasi yenyewe. Kwa hiyo ukihesabu bei ya chupi Lushoto, hesabu idadi pia. Tano za pamba ndiyo idadi ya chini ya kukupitisha wiki ya mvua. Mbili nzuri sana hazitoshi.

Kwa mfano wa hesabu: chupi ya 1,500 inayolegea baada ya miezi mitatu ni 6,000 kwa mwaka kwa kila nafasi kabatini. Ya 4,000 inayodumu mwaka ni 4,000. Hapa, tofauti na sidiria, ya bei kubwa imeshinda waziwazi. Ikiwa unavaa kwa kupokezana chupi tano, tofauti ni 10,000 kwa mwaka. Dalili ya itakayodumu ni lastiki. Ivute hadi mwisho na uiachie. Irudi palepale bila mawimbi. Lastiki iliyofunikwa na kitambaa hudumu na haikati. Ile iliyoshonwa wazi pembezoni, nyembamba na inayong'aa, huanza kutoa nyuzi nyeupe mapema sana.

Lakini kuna chaguo la tatu, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote: kushona. Fulana za mtumba za kuvaa nje si nguo za ndani, na fulana kubwa ya kiume ya pamba, ya XL au XXL, hutoa chupi mbili, wakati mwingine tatu. Tafuta chupi yako ya zamani iliyowahi kukukaa vizuri kuliko zote, hata kama imechakaa. Ifumue vipande vyake vyote: mbele, nyuma, kipande cha katikati. Hivyo ndivyo vipimo vyako. Weka juu ya kitambaa, na hapo ndipo urekebishe kile kiwanda kilichokunyima. Ongeza sentimita 3 juu ya kipande cha nyuma kama inashuka ukiinama. Panua kipande cha katikati. Pandisha mbele ili lastiki ipite juu ya kovu. Fua fulana kwa maji ya moto na uipige pasi kabla ya kukata. Lastiki nunua mpya kwa mita, na ukate fupi kuliko mzunguko wa kiuno ili ivute kidogo.

Mafundi wengi wa hapa wana cherehani za kukanyaga zenye mshono mnyoofu tu, na mshono mnyoofu kwenye kitambaa kinachovutika hukatika mara ya kwanza unapochuchumaa. Mtafute mwenye zigizaga, au ovaloki. Asipopatikana, mwambie fundi avute kitambaa kidogo mbele na nyuma ya sindano anaposhona, na apitishe mara mbili. Kwa bei ya mfano, fulana 3,000, lastiki 1,000, ufundi 2,000 kwa vipande viwili: 3,000 kila chupi, ya pamba halisi, iliyokatwa kwa mwili wako. Anayejua kushona mwenyewe anatumia 2,000 kwa kila chupi. Na akina mama wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa wakikusanya fulana kumi na kumpelekea fundi mmoja kwa pamoja, bei ya ufundi inazungumzika.

Mabinti wa shule nao wasisahauliwe. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike katika bajeti ya mwaka 2018, ikairudisha mwaka 2019, na mjadala ulikuwa mkali. Kuhusu chupi yenyewe hakuna aliyeuliza. Taulo ya kike, iwe ya dukani au ya kitambaa cha kufua, hushikwa na chupi. Chupi ikilegea, taulo inahama, na binti anayetembea kilomita kadhaa kwenye mteremko kufika shuleni anachafuka njiani hata kama ana taulo bora kuliko zote. Mzazi mwenye 10,000 ya mahitaji ya hedhi ya mtoto asiimalize yote kwenye taulo. Chupi tatu zenye lastiki imara na kipande cha katikati kipana ziingie kwanza kwenye hesabu. Na sidiria yake ya kwanza isiwe ya dada yake aliyezaa. Fulana nyepesi ya kubana, singlendi ya pamba yenye lastiki pana chini ya kifua, inamtosha kwa mwaka mmoja au miwili, mwili ukiwa bado unabadilika, na inagharimu kidogo.

Mwisho ni suala la kupata herufi zinazokosekana. Wauzaji wa nguo wa Lushoto hufuata mzigo Kariakoo, wengine kwa magari yaleyale yanayoshusha kabichi na nyanya Dar es Salaam. Huko C, D na E zipo. Hawazipandishi kwa sababu hakuna anayeziomba kwa jina, na dazeni isiyonunuliwa inalala na mtaji wao. Usimwambie muuzaji wako akuletee sidiria kubwa, atakuletea 42. Jipime, andika kwenye karatasi mbavu na kifua, namba na herufi, kwa mfano 34/75 D, isiyo na waya, isiyo na sponji, rangi yoyote. Mkiwa wanawake watatu au wanne wenye karatasi za namna hiyo, mpe malipo ya nusu kabla hajaondoka. Mkubaliane pia kwamba mtaijaribu kabla ya kumalizia nusu ya pili, dukani kwake, nyuma ya pazia la kanga.